Sinthesaiza za zamani na za sasa, na watu walioanzisha muziki wa kielektroniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sinthesaiza ni nini hasa? Si ni kinanda tu?

Vibao vya kinanda ni njia mojawapo tu ya kuiamuru. Sinthesaiza yenyewe ni chombo kinachozalisha sauti kwa umeme tangu mwanzo: hakuna uzi unaokwaruzwa, hakuna pumzi inayopulizwa, hakuna ngozi iliyowambwa. Ndani mna saketi au programu inayofanya umeme utetemeke, na spika huugeuza mtetemo huo kuwa sauti. Zipo sinthesaiza zisizo na kibao hata kimoja, zenye vifundo na waya peke yake, na watu wamezitolea muziki wa kusikilizika kwa zaidi ya miaka 60.

Kinanda changu kina sauti 500 na midundo tayari. Hicho nacho ni sinthesaiza?

Kwa teknolojia ya ndani, ndiyo. Kwa matumizi, sivyo: unachagua sauti aliyokwisha kuiumba mtu mwingine. Humu nazungumzia vyombo vinavyokuruhusu kuingia ndani ya sauti na kuibomoa.

Sauti inaundwaje humo ndani?

Nieleze njia iliyozoeleka zaidi, ile ya kuanza na sauti nene halafu kuipunguza. Chanzo ni osileta, saketi inayotetemesha umeme kwa kasi unayoitaka. Ukitetema mara 440 kwa sekunde unapata ile noti ya A ambayo okestra nyingi hutyunia. Umbo la wimbi ndilo linaloamua tabia ya sauti. Wimbi lenye meno ya msumeno limebeba hamoniki zote, yaani masafa yanayoambatana na noti ya msingi kwa juu yake, kwa hiyo hutoka kali na yenye kujaa. Wimbi la mraba limebeba hamoniki za namba witiri tu, nalo husikika kama lina uwazi katikati, karibu na klarineti. Kuna pia chanzo cha kelele tupu, ule mvumo wa redio iliyokosa stesheni, ambao ndio unaotengenezewa upepo, bahari na matoazi.

Sauti hiyo hupita kwenye filta. Filta ya kawaida huacha masafa ya chini yapite na kukata ya juu, nawe unachagua ikatie wapi. Ina kifundo cha pili, rezonansi, kinachokuza masafa yaliyo pale pale kwenye mpaka. Baada ya hapo kuna kikuza sauti kinachoamua ukubwa. Na juu ya vyote kuna envelopu: inaeleza sauti ipande kwa muda gani, ishuke kiasi gani, itulie kiwango gani kidole kikiwa bado kibaoni, na ikawie vipi kuzimika ukikitoa. Sauti ile ile ukiipandisha ghafla na kuizima upesi inakuwa besi ya kudonoa. Ukiipandisha taratibu inakuwa kama kundi la vinanda vya nyuzi.

Jaribu hili kwenye sinthesaiza yoyote, hata ya kompyuta. Weka wimbi la msumeno, shikilia noti moja ya chini, funga filta mpaka sauti ibaki mguno. Panda na rezonansi hadi karibu na robo tatu. Sasa fungua filta polepole mno, kwa kama sekunde 30. Utasikia hamoniki zikijitokeza moja baada ya nyingine, kila moja ikipiga kama filimbi ndogo juu ya besi, kisha ikimpisha ya jirani. Zote zilikuwemo ndani ya noti ile tangu mwanzo. Filta imekuonyesha tu. Aliyewahi kulisikia hilo haulizi tena filta ni ya kazi gani.

Nani aligundua sinthesaiza?

Jibu la haraka ni Robert Moog, na jibu hilo lina walakini. Mmarekani Thaddeus Cahill alipata hataza ya Telharmonium mwaka 1897, mtambo wa magurudumu ya umeme ambao toleo lake kubwa lilikuwa na uzito wa tani 200 hivi. Kuanzia 1906 muziki wake ulisafirishwa kwa nyaya za simu jijini New York kabla haujafa kibiashara. Mwaka 1920 huko Urusi, Lev Termen alitengeneza theremini, chombo kinachopigwa bila kuguswa: mkono mmoja karibu na antena moja huamua noti, mwingine huamua ukubwa wa sauti. Mfaransa Maurice Martenot akafuata na chombo chake mwaka 1928, Mjerumani Friedrich Trautwein na Trautonium mwaka 1930. Mwaka 1957 kampuni ya RCA iliweka New York, kwenye kituo cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, mtambo ulioenea ukuta mzima wa chumba, ukiamriwa kwa karatasi zilizotobolewa matundu. Kupiga noti ukaisikia papo hapo kama mwanamuziki hakukuwemo.

Moog alianza kwa kuuza theremini za kujiunganishia mwenyewe. Mwaka 1963 alikutana na mtunzi Herbert Deutsch, na mwaka 1964 wakawa na kitu kipya mkononi: moduli ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, zote zikiamriana kwa volteji, yaani msukumo wa umeme. Wazo ni jepesi ajabu. Ukiongeza volti moja, noti inapanda okteva moja. Volteji hiyo inaweza kutoka kwenye kibao, kwenye osileta nyingine inayotetema polepole, au kwenye envelopu, na inaweza kuamuru noti, filta au ukubwa wa sauti. Kitu chochote kinaweza kukiendesha kitu chochote. Hapo ndipo naweka mwanzo wa sinthesaiza kama tuijuavyo, kwa sababu ya lugha hiyo ya volteji zaidi ya saketi yoyote moja. Hata ile envelopu ya hatua nne tunayoitumia mpaka leo ilitokana na ombi la mtunzi Vladimir Ussachevsky, aliyemwandikia Moog namna anavyoitaka. Mhandisi aliijenga, mwanamuziki ndiye aliyeiagiza.

Buchla naye ni nani, na mbona mashabiki wake hawataki kinanda?

Don Buchla alikuwa California. Katika miaka ile ile, akisukumwa na watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender wa San Francisco Tape Music Center, alijenga mfumo wake bila kujua wala kufuata wa Moog. Yeye aliona ukimwekea mtu vibao vyeusi na vyeupe, atapiga muziki ule ule aliouzoea. Akaweka vibati vya kugusa na sekwensa, mpangilio wa hatua zinazojirudia. Badala ya kukata hamoniki kwa filta, alipenda kulichukua wimbi jepesi na kulikunja mpaka lizae hamoniki mpya.

Moog aliuza zaidi, na kinanda ndicho sababu kubwa. Lakini ukisikiliza muziki wa kielektroniki usio na wimbo wa kuimbika, wa mapigo yanayojisokota yenyewe, unasikia wajukuu wa Buchla.

Na muziki wa kielektroniki wenyewe, ulianza na Moog?

Ulianza kabla, na ulianza na kanda. Vitabu vingi vinaanzia Paris mwaka 1948, pale Pierre Schaeffer alipotumia studio ya redio kuunda vipande kutokana na sauti zilizorekodiwa, kimoja kikiwa cha garimoshi tupu. Kwa haki ya historia ingefaa waanzie Cairo. Mwaka 1944 kijana wa Kimisri, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya wa sumaku, akaenda kurekodi ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, kisha studioni akaifanyia kazi: akaondoa sauti za msingi, akabakiza mwangwi na hamoniki za juu zikielea. Ni miaka minne kabla ya Schaeffer. El-Dabh baadaye alihamia Marekani, akafanya kazi kwenye kituo kile kile cha Columbia na Princeton, na akafa mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 96. Kutajwa kwake kumechelewa mno.

Ujerumani, studio ya redio ya Cologne ilianza mwaka 1951 ikiwa na mwelekeo wa kinyume: sauti safi za osileta, hakuna kurekodi garimoshi. Mtunzi Karlheinz Stockhausen ndiye aliyeivumisha zaidi, na mwaka 1956 akazichanganya kambi hizo mbili kwa kuunganisha sauti ya mtoto anayeimba na sauti za mashine.

Ni kweli wanawake walikuwa mstari wa mbele?

Ni kweli kabisa, na majina yao yalizikwa kwa njia za kiofisi tu. Daphne Oram alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kitengo cha sauti za kielektroniki cha BBC, Radiophonic Workshop, mwaka 1958. Aliondoka mapema, akaenda kujenga mashine yake ambayo ulichora mistari juu ya filamu ya picha, nayo mashine ikageuza mchoro kuwa sauti.

Delia Derbyshire aliingia kitengo hicho baadaye. Mwaka 1963 alipewa karatasi ya noti ya mtunzi Ron Grainer kwa ajili ya tamthilia ya televisheni Doctor Who. Sinthesaiza hazikuwepo humo. Kila noti ilitengenezwa peke yake: mdonoo wa uzi mmoja, osileta za kupimia mitambo, kelele tupu iliyochujwa. Kila moja ilirekodiwa kwenye kanda, ikaharakishwa au kucheleweshwa hadi ifike noti inayotakiwa, ikapimwa urefu, ikakatwa kwa wembe na kubandikwa na ya jirani. Kanda kadhaa za namna hiyo zikachezeshwa pamoja, na noti moja ikikosea mahali pake ilibidi itafutwe kwa macho kwenye mita za utepe. Grainer aliposikia matokeo alitaka Derbyshire atambuliwe kuwa mtunzi mwenza. BBC ilikataa, kwa kuwa sera yake ilikuwa kuwaacha wafanyakazi wa kitengo bila majina.

Marekani hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Bebe Barron na mumewe Louis walitengeneza sauti zote za filamu Forbidden Planet ya mwaka 1956 kwa saketi walizoziunguza makusudi, lakini kwenye orodha ya washiriki neno muziki halikutumika, ili kukwepa mzozo na chama cha wanamuziki. Wendy Carlos ndiye aliyeifanya dunia iijue Moog, kwa santuri ya mwaka 1968 ya kazi za Bach. Moog ile ilitoa noti moja kwa wakati, kwa hiyo kila mstari wa kila sauti ulirekodiwa peke yake na kupandanishwa. Suzanne Ciani aliichukua Buchla hadi kwenye matangazo ya biashara. Ile sauti ya chupa ya Coca-Cola ikifunguliwa na kumiminwa ni yake. Éliane Radigue wa Ufaransa alinunua sinthesaiza ya moduli ARP 2500, akakiacha kinanda chake, akatunga kwa miaka mingi sauti ndefu zinazobadilika taratibu kiasi kwamba unagundua zimebadilika baada ya kuwa zimeshabadilika.

Kwa nini Minimoog inatajwa kama vile ni mboni ya jicho?

Kwa sababu ilikomesha waya. Mfumo wa moduli ulihitaji uunganishe kila kitu mwenyewe kabla ya kusikia chochote. Minimoog ya mwaka 1970 ilichagua njia moja, ikaifunga ndani ya sanduku la kubebeka: osileta tatu, filta, envelopu mbili, vibao 44, na pembeni magurudumu mawili ya kidole gumba, moja la kupinda noti. Mpiga kinanda akaweza kusimama mbele ya jukwaa na kupiga solo kama mpiga gitaa. Na ile filta yake, yenye transista zilizopangwa kama ngazi, ina ulaini ambao watu wengi wamejaribu kuuiga. Ilitengenezwa hadi 1981.

Kupiga noti nyingi kwa pamoja kuliwezekana lini?

Kwa maana tunayoijua leo, katikati ya miaka ya 1970. Tom Oberheim aliziweka sinthesaiza ndogo nne kamili ndani ya boksi moja. Yamaha ikatoa CS-80, yenye sauti nane na vibao vinavyohisi mkandamizo wa kila kidole kivyake. Ni chombo cha kutetemesha moyo, na kina uzito wa zaidi ya kilo 80. Vangelis aliijengea muziki wa filamu Blade Runner.

Lililobadilisha mambo ni Prophet-5 ya Dave Smith, mwaka 1978. Iliweka kompyuta ndogo ndani yake na kukumbuka sauti 40. Leo tunaona jambo la kawaida, lakini kabla yake mtu alikuwa akichora mahali pa kila kifundo kwenye karatasi na kusali kesho yake kifundo kirudi pale pale.

Analojia ni bora kuliko dijitali?

Swali hili limevunja urafiki wa watu. Analojia ina umeme halisi unaotetema, dijitali ina namba zinazohesabiwa. Analojia huyumba kidogo: osileta mbili hazilingani kikamilifu, kwa hiyo zinasuguana na kuleta ule uhai unaosifiwa. Dijitali haiyumbi isipokuwa ikiamriwa, na inaweza kufanya mambo ambayo saketi za analojia zisingeweza bila kujaza chumba.

Msimamo wangu: katika wimbo uliokamilika, penye ngoma, besi na mwimbaji, hakuna msikilizaji atakayekuambia pedi ile, sauti ndefu ya kujaza nyuma, ilitoka kwenye transista au kwenye kichakataji. Tofauti halisi iko kwa mpigaji. Chombo chenye kifundo kwa kila jambo kinakufanya ujaribu. Chenye skrini ndogo na kurasa 20 kinakufanya uache ilivyo. Sinthesaiza nyingi za dijitali za miaka ya 1980 zilikuwa za aina ya pili, ndipo dijitali ikapata jina baya ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa kosa la vitufe.

DX7 ilifanya nini cha ajabu?

Mwaka 1967 John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa akicheza na mtikisiko wa noti kwenye kompyuta, ule wa kawaida wa mara tano au sita kwa sekunde. Akaendelea kuuharakisha. Ulipofika kasi ya mamia ya mara kwa sekunde, sikio liliacha kusikia mtikisiko, likaanza kusikia sauti mpya yenye hamoniki nyingi, kama kengele au shaba. Osileta mbili zilikuwa zinafanya kazi ya kumi. Yamaha ilinunua haki ya kutumia ugunduzi huo, na mwaka 1983 ikatoa DX7: osileta sita kwa kila sauti, namna 32 za kuzipanga, noti 16 kwa pamoja. Ziliuzwa zaidi ya 150,000, idadi ambayo hakuna sinthesaiza ya kabla yake iliyoikaribia.

Kuiumba sauti juu yake ni kazi ya kukunja uso, kwa kuwa ina vitufe bapa na kitelezi kimoja. Ndiyo maana piano yake ya umeme ya kiwandani imejaa kwenye nyimbo za mapenzi za katikati ya miaka ya 1980. Na hapana, kutumia sauti ya kiwandani si aibu.

TR-808 na TB-303 zilikuwa za nini mwanzoni?

Za kumsindikiza mwanamuziki asiye na bendi. TR-808 ya Roland, mashine ya ngoma ya mwaka 1980, haikufanana na ngoma za kweli hata kidogo, na iliachwa mwaka 1983 baada ya kutengenezwa 12,000 hivi. TB-303 ilikusudiwa kuwa mpiga besi wa mpiga gitaa. Haikusikika kama gitaa la besi, kuipangia noti kulichosha, na mwaka 1984 ikasitishwa.

Zikashuka bei, zikaangukia mikononi mwa vijana. Ngoma kubwa ya 808 ukiirefusha inakuwa besi inayotikisa kifua, na hip hop ikajengwa juu yake. Chicago, kundi la Phuture lilichukua 303, likaiacha ijirudie huku wakizungusha filta na rezonansi kwa mkono, mashine ikalia kama kitu kilicho hai. Rekodi yao ya mwaka 1987 ilizaa tawi zima la muziki wa hausi. Detroit nako, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walikuwa wakiunda tekno kwa vyombo vya namna hiyo hiyo. Ukiuliza nani aliyegundua sauti ya 303, mimi namtaja mhandisi Tadao Kikumoto aliyeibuni na vijana wale kwa pumzi moja, kwa kuwa kifundo cha filta kilikuwepo miaka yote na hakuna aliyekizungusha hivyo.

MIDI ni nini, na bado ina kazi?

Ni lugha ya amri kati ya vyombo: noti gani imepigwa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa lini. Haibebi sauti. Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland waliwashawishi washindani wao wakubaliane, na Januari 1983 Prophet-600 na Jupiter-6, za kampuni mbili tofauti, zikaunganishwa hadharani, moja ikapigwa na nyingine ikaitika. Waligawa lugha hiyo bure. Sinthesaiza ya mwaka ule bado inaongea na kompyuta ya leo kwa kebo ya kawaida, jambo ambalo simu yako haiwezi kujivunia. Mwaka 2020 likatoka toleo la pili, lenye vipimo vya kina zaidi, nalo halikuwatupa wazee.

Kuna Waafrika wengine katika hadithi hii, mbali na El-Dabh?

Wapo, na kila mmoja alifanya kivyake. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alitoa mfululizo wa santuri kati ya 1977 na 1985 zilizojaa sinthesaiza na mashine za ngoma, halafu akaokoka, akaacha muziki na kukataa kuuzungumzia mpaka alipofariki mwaka 2017. Ukisikiliza, zingatia alivyoiacha mistari ya sinthesaiza ijirudie kwa dakika nane au kumi bila haraka, kama magitaa ya bendi za dansi. Francis Bebey wa Kamerun alirekodi nyumbani kwake Paris akichanganya mashine za ngoma na vyombo kama kalimba na filimbi. Hailu Mergia wa Ethiopia, mwaka 1985 akiwa Washington, aliipigia akodioni yake juu ya sinthesaiza na mashine ya ngoma, yeye peke yake studioni.

Eurorack ni nini?

Ni mtindo wa moduli za leo, ulioanzishwa na Mjerumani Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990. Moduli zote zina kimo kimoja, kebo za milimita 3.5, na umeme wa volti 12 chanya na hasi, kwa hiyo unachanganya za watengenezaji mbalimbali upendavyo. Raha yake ni kubwa na haina kikomo, na hapo ndipo pesa hupotelea. Ukipachika moduli, mstari mwekundu wa kebo ya umeme uelekee upande wa volti 12 hasi. Ukiigeuza, moduli inaweza kuungua mara moja.

Programu za kompyuta zinatosha?

Kwa kujifunza na hata kwa kutoa albamu, ndiyo. Tangu mwaka 1999, mfumo wa VST, njia ya kuchomeka programu ndogo ndani ya kubwa, ulipoanza kubeba vyombo, sinthesaiza nzima inaishi ndani ya programu ya kurekodia. Surge XT ni ya bure na ina uwezo kuliko vyombo vingi vya chuma. Dexed inaiga DX7 na kusoma sauti zake za asili. VCV Rack, nayo ina toleo la bure, inakuwekea moduli na waya kwenye skrini. Ongeza kidhibiti chochote chenye vifundo vya kuzungusha, kwa sababu kipanya hushika kifundo kimoja kwa wakati na muziki huu unataka viwili.

Nianze na chombo gani?

Chenye vifundo vingi vya wazi, osileta moja au mbili, filta moja, na kurasa chache. Usihangaike na jina. Chukua sauti moja kwa wiki na uiumbe kutoka sifuri: besi, kengele, upepo, tarumbeta. Anayeweza kutengeneza tarumbeta ya kuridhisha kwa osileta moja ameshaelewa envelopu.

Ninunue ya zamani, au toleo jipya la ile ya zamani?

Jipya, kama unataka kupiga muziki. Korg ilirudisha MS-20 mwaka 2013, Moog ikairudisha Minimoog mwaka 2016, Sequential ikairudisha Prophet-5 mwaka 2020. Mfumo wa saketi ni wa ukoo ule ule na vipuri vinapatikana. Ya zamani ainunue mtu anayejua kushika chuma cha kulehemu, au anayemjua fundi kwa jina.

Kila moja ina ugonjwa wake unaojulikana. Juno-106 ya Roland huanza kupoteza sauti moja kati ya sita, kwa sababu chipu zake za sauti zilifunikwa na utomvu ambao ukizeeka huziharibu. Piga noti moja mara sita mfululizo ukisikiliza ipi inakwaruza. Polysix ya Korg ina betri inayovuja na kula bodi. DX7 ina betri iliyolehemewa ndani, ikifa inaondoka na sauti ulizohifadhi.

Mbona yangu ya zamani inapoteza tyuni?

Joto. Osileta za analojia hubadilika kadiri transista zinavyopata moto. Iwashe nusu saa kabla ya kuityuni. Ikiendelea kuyumba baada ya hapo, anza kukagua umeme wa ndani kabla hujagusa osileta.

Nimepata sinthesaiza iliyokaa stoo miaka mingi. Niichomeke nione kama inafanya kazi?

Hapana, usiichomeke kwanza. Soma kibandiko cha nyuma: iliyouzwa Japani inataka volti 100, ya Marekani inataka 120 hivi, na ukiipa 230 utasikia harufu kabla ya sauti. Nyingine zina swichi au waya wa ndani wa kubadilishia, nyingine zinahitaji transfoma ya nje. Kisha ifungue ikiwa haijaunganishwa popote. Tazama betri na unga wa kijani au mweupe unaozizunguka. Tazama kapasita kubwa za sehemu ya umeme, vipuri vinavyohifadhi chaji, kama zimevimba vichwa au zimelowesha bodi. Za umri huo kwa kawaida hubadilishwa zote kwa pamoja, na kumbuka hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo vidole mbali. Fundi akiiwasha mara ya kwanza, apandishe umeme kidogo kidogo na apime volteji za ndani kabla ya kuunganisha spika. Hedfoni zisiwe masikioni mwa mtu katika jaribio hilo: saketi mbovu inaweza kutoa kishindo chenye nguvu yote ya chombo kwa mkupuo mmoja.